Disketi ya Baba Niliyokatazwa Kufungua

Marehemu baba yangu alinijibu mchana kweupe, kwenye laptop yangu mwenyewe, miaka mitano baada ya kuzikwa.

Usicheke. Nilikuwa na mashahidi wawili, na mmoja wao alikuwa amekuja kutukataa.

Naitwa Lynette. Mambo haya yalitokea hapa Eldoret, na nayaandika kwa sababu nimechoka kuyabeba peke yangu.

Zamani tuliishi Yamumbi. Baba yangu, Obiero, alikuwa karani kwenye kiwanda cha mbao na katibu wa mradi wa maji mtaani. Ofisi ilipotupa kompyuta ya zamani, aliibeba nyumbani kama mtoto mchanga. Ilikuwa ya DOS, mfumo wa kabla ya Windows, haina hata mouse. Printa yake ilipiga kelele kama posho mill ya kusaga mahindi, na karatasi zake ni zile za kufuatana, zenye matundu pembeni.

Maisha yake yote yalikuwa kwenye programu moja ya kupanga mambo kwa vichwa. Unaandika kichwa, chini yake unaweka mambo madogo, na chini ya hayo mengine madogo zaidi. Hata safari yetu ya Krismasi kwenda kwetu Ugenya aliipanga humo, mpaka nani atabeba kuku.

Halafu ikaja ile Januari ya 2008, ya vita vya baada ya uchaguzi.

Sisi ni watu wa ziwa. Wale vijana wa rungu na mishale hawakuwa na shida na sisi. Walikuwa wanawatafuta majirani zetu wa kabila lingine, watu tuliochota nao maji kwenye mfereji mmoja.

Asubuhi moja baba alivaa gumboots, akaniita.

"Lynette, mimi natangulia Kapseret. Paul wa pick-up akija, print ile file nimeacha wazi, umpatie. Usipatie mtu mwingine."

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikaprinti. Paul akaja, hakuzima hata injini. Akasoma, akageuza karatasi upande wa pili.

"Ni hii tu?"

"Ni hii tu."

"Hakuna ingine?"

"Hakuna."

Akatikisa kichwa, akaondoka. Barabara ikafungwa baba akiwa huko Kapseret. Credit ya simu haikupatikana dukani popote.

Siku hiyo nyumba kumi na moja zilichomwa. Yetu ilibaki nzima, na mapazia yake.

Nicanor, ndugu wa jirani yetu Mzee Zachariah, aliuawa kando ya ua wake. Alikuwa anakimbia bila kujua anakimbilia wapi.

Siku ya tatu, Mzee Zachariah aliokota karatasi njiani. Paul alikuwa ameitupa, akakimbilia kwao Malaba, na hatukumsikia tena. Karatasi ilikuwa na matundu pembeni, majina kumi na moja, na nambari ya nyumba ya kila mmoja. Zote kumi na moja zilikuwa majivu.

Mtaa mzima ulijua hiyo printa ni ya nani.

Baba aliporudi, walimuuliza kama ndiye aliyeuza watu. Akasema hapana. Wakamuuliza, basi hii orodha ilikuwa ya nini? Akanyamaza.

Na mimi nilimchukia. Niliamini amenifanya nimkabidhi Paul orodha ya kifo kwa mkono wangu. Sikumuuliza hata mara moja. Tulihamia Kimumu, upande mwingine wa mji, tukala meza moja miaka sita, na sikumtazama usoni. Alifariki 2014, tukamzika Ugenya. Hakuna mtu wa Yamumbi aliyekuja, hata wa kusindikiza jeneza.

Baada ya mazishi nikaanza kusikia vidole vyake kwenye kibodi.

Tik. Tik. Tik. Naosha vyombo, nasikia. Niko kwa duka langu mjini natengeneza simu za watu, nasikia. Nilidhani nimeanza kurukwa na akili. Nikamwambia mama yangu, Rosebella.

Hakushtuka. "Hata mimi nasikia," alisema. "Wacha amalize kuandika."

Mwaka wa 2019 mama alisema amechoka na nyumba za kukodi, anataka kurudi kwake Yamumbi. Tukatuma habari. Mzee Zachariah akaja Kimumu mwenyewe, ile karatasi ikiwa ndani ya plastiki.

"Mama Lynette, sijakuja na ubaya," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Lakini watu wamesema hawawezi kaa na bibi ya mtu aliandika hii."

Mama aliingia chumbani. Akarudi na soksi kuukuu ya baba, ndani yake disketi moja nyeusi.

"Obiero aliniambia nitupe hii kwa choo. Akasema Lynette asiifungue, hata kwa bahati mbaya. Nikamdanganya nimetupa." Akaniwekea mkononi. "Mzee Zachariah, kaa chini. Leo nataka kujua niliolewa na mtu wa aina gani."

Sikutaka kujua. Nilikuwa nimeshazoea kumchukia baba, na chuki ukiizoea inakuwa kama fanicha.

Laptop za siku hizi hazina mahali pa disketi, lakini nilikuwa na kisomeo cha USB cha kazi. Faili likakataa kufunguka, takataka tupu kwenye kioo. Bahati nzuri baba alikuwa ameweka programu yenyewe kwenye disketi hiyo hiyo. Windows ikaikataa pia. Ikabidi niwashe DOSBox, inayoidanganya programu ya zamani kwamba bado tuko miaka ya tisini.

Kioo kikawa cha buluu. Majina kumi na moja yakatokea, na nambari za nyumba.

"Si ni hii hii?" Mzee Zachariah alisema, akachukua kofia yake. Mama alijifunika uso kwa leso.

Lakini kulikuwa na mstari wa kumi na mbili, ambao haukuwa kwenye karatasi. NYUMBANI. Kishale kilikuwa kinapepesa hapo, pale pale baba alipokiacha mara ya mwisho.

Ndipo nikaona alama ya kujumlisha mbele ya kila jina.

"Mzee, ngoja kidogo."

Kwenye ile programu, hiyo alama inamaanisha kuna kitu kimekunjwa chini. Kukikunjua unabonyeza kujumlisha kwa zile tarakimu za kulia, ambazo laptop yangu haina. Nikachomeka kibodi kubwa ya zamani, nikashuka hadi kwa Nicanor, nikabonyeza.

*Mke, watoto wawili, nyanya yao.*
*Paul awachukue saa tatu.*
*Awapeleke Kapseret kwa Kipkorir, stoo ya mahindi. Kipkorir amekubali.*
*Nyanya hatembei. Abebwe na godoro lake.*

Mzee aliweka kofia chini.

"Fungua yangu," alisema Mzee Zachariah.

*Atabisha. Paul amwambie Obiero amesema tafadhali.*

Mzee alikaa chini. Nikafungua zote kumi na moja. Kila familia na mahali pake pa kufichwa. Mama alilia na kucheka kwa pamoja, akisema, "Obiero, Obiero wangu."

Halafu Mzee akauliza, polepole, "Sasa mbona haya yote hayakuwa kwa karatasi?"

Nilijua kabla hajamaliza.

Programu ile huchapisha kile tu kilichokunjuliwa.

Mama alijibu haraka. "Ni Obiero. Aliniambia mwenyewe aliprinti vibaya."

Ningeweza kuacha hapo. Baba amekufa, hawezi kukanusha, na mama angepata nyumba yake.

"Hapana, Mama. Ni mimi."

Nikawaambia. Faili lilikuwa wazi lote, kurasa tatu. Karatasi zilikuwa zimebaki chache, na wiki moja kabla baba alikuwa amenigombeza kwa kuzimaliza. Nikakunja kila kitu kikaingia ukurasa mmoja. Nilijiona mjanja.

Paul alipouliza kama ni hii tu, alikuwa anauliza awapeleke wapi. Mimi nikamjibu hakuna, na hakuchukua mtu.

Kishale nikakirudisha NYUMBANI. Nikabonyeza, nikasoma kwa sauti.

*Machi 2008. Rosebella: nimemwambia ni mimi niliprinti.*
*Faili lisionyeshwe mtu. Vijana wakijua, watachoma kwa Kipkorir. Na mtaa utauliza nani aliprinti.*
*Lynette: asijue kamwe. Alikuwa anaokoa karatasi tu.*

Mzee Zachariah akaomba nimwonyeshe tena pale kwa Nicanor. Akasoma kwa midomo, neno kwa neno, akavaa kofia.

"Mama Lynette, rudi kwa nyumba yako. Nitawaambia mwenyewe."

Akanigeukia. "Wewe, leo sina neno la kukuambia. Labda siku ingine."

Mama amesharudi Yamumbi. Hiyo siku ingine mimi bado naingoja, na sina haki ya kuiharakisha.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu wa nyumbani umemhukumu kwa kitu ulichoona nusu, muulize akiwa hai. Mimi nilikuwa na miaka sita ya kumuuliza baba. Najua baba angenidanganya ili nilale vizuri. Lakini angalau angekufa akijua kwamba nilimuuliza.