Bahasha Yenye Plasta

Shule sikupelekwa; walipelekwa kaka zangu. Kwa hiyo binti yangu alipomaliza chuo, stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, nilijiona nimemaliza mimi. Majirani wakamwita Profesa. Mwaka wa kwanza lilikuwa jina la heshima. Wa pili likawa la kumcheka, maana Profesa yuko uani anafua nguo za wadogo zake.

Ofisini ninakofagia, mwaka wa kumi na saba huu, ikatangazwa nafasi ya karani wa masjala. Nikamuuliza meneja, ufagio mkononi.

"Aombe tu, mama. Wewe si mtu wa hapa?" akasema. "Bahasha itiwe kwenye boksi kama za wenzake."

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, binti akaifunga kwa plasta ya kidonda. Nikamtania, "Barua yako imeumia wapi?" Akacheka, na kicheko chake kilikuwa kimeadimika. Nikaitia kwenye boksi kwa mkono wangu.

Wiki mbili baadaye meneja akanionyesha boksi lile. "Mama, hizi kazichome."

Nikazimwaga nyuma ya jengo. Hakuna hata moja iliyochanwa. Yenye plasta ilikuwa chini kabisa. Nikapanda nayo juu.

"Bosi, hii ni ya binti yangu. Hamjaifungua."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Mama yangu, mtu alishapatikana kabla hatujatangaza. Kutangaza ni utaratibu tu. Usiweke moyoni."

Nikashuka, nikachoma za watoto wa wenzangu. Ningefanyaje? Kazi hiyo ndiyo inayotulisha. Ya kwangu nikaificha ndani ya sare.

Nyumbani binti akanipokea mkoba. "Mama, wamesemaje?"

"Bado wanazisoma. Watapiga simu."

Nilidhani nitamwambia kesho. Kesho yake akaja fundi cherehani wa mtaani, anatafuta mtu wa kumsaidia kushona sare za shule, malipo ya kila siku.

"Shikamoo, shangazi. Nashukuru," binti akamjibu. "Lakini wakinipigia nikiwa nimeshaanza kwako, nitakuangusha."

"Haya, Profesa," fundi akasema, akavuka barabara kumwita mwingine.

Nilikuwa mlangoni, nimesikia neno kwa neno.

Bahasha iko chini ya godoro langu. Simu iko dirishani, mahali mtandao unapokamata, na yeye amekaa kando yake kwenye kigoda.

"Usiichezee," anamwambia mdogo wake. "Chaji itaisha."