Mvumo wa Paja la Kushoto

Ulinianza kwenye paja la kushoto, nimejitwika tenga la kabichi nateremka kwenda barabarani, kule malori ya Dar yalikokuwa yakisubiri mboga. Mwanzoni nilidhani ni uchovu. Njia za Mgeta hazina huruma na miguu ya mtu. Lakini nilipotua tenga na kukaa kwenye jiwe, paja likaendelea kuvuma ndani kwa ndani, kama ubavu wa lori ukiugusa injini ikiwa inanguruma. Halikuuma. Nikiweka kiganja juu, kiganja hakikuona kitu. Mvumo ukakaa kidogo, ukaondoka, na kesho yake ukarudi.

Nilimwambia mama tukiwa tunapalilia. Bahati mbaya mama mdogo alikuwa tuta la pili, na mdomo wa mama mdogo haukuwa na kitasa. Kabla jua halijazama mjomba alikwishajua.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba akikohoa, nyumba nzima inageuka. Mjomba wangu alikuwa kaka mkubwa wa mama. Jumapili alikuwa kiti cha mbele kanisani, rozari mkononi. Jumatatu alikuwa msimamizi wa matambiko, wala hakuona tatizo. Alinitazama paja kana kwamba macho yake yanapenya kanga, akasema, "Huyo ni bibi yako. Anataka jina lake lirithiwe."

Bibi, mama yao, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Desturi yetu ni kwamba marehemu haachwi apotee. Mtu wa ukoo huchaguliwa arithi jina lake, na akishalirithi ndiye yeye. Wajukuu wa marehemu humwita bibi, watoto wa marehemu humwita mama na kumwamkia. Halafu anakaa. Hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Mrithi wa bibi hukaa kwenye nyumba ya bibi, analima shamba la bibi, haondoki.

Na mimi nilikuwa naondoka! Ilikuwa miaka ya Ujamaa, serikali inataka kila mtoto aingie darasani, na walimu hawatoshi. Mwalimu mkuu alikuwa ameniita akaniambia nimechaguliwa kusomea ualimu mjini Morogoro. Msichana wa kwanza katika ukoo wetu. Nilitoka ofisini kwake nikikimbia, nikaangukia kwenye tope, nikainuka nikicheka peke yangu.

"Siendi kurithi," nilimwambia mama. "Mguu ni wangu. Ukitaka kuvuma uvumie chuoni."

"Punguza ubishi," alisema mama.

Nikaenda zahanati. Mganga alinigonga goti kwa kinyundo, akanifinya, akaniuliza kama nakula vizuri. Akanipa vidonge vya kuongeza damu, akasema yeye haoni ugonjwa wowote. Mjomba aliposikia alifurahi sana. "Si nilisema? Hospitali haiwezi kumwona bibi."

Basi pombe ya mtama ikapikwa. Nilijaribu kumweleza mjomba, kwa adabu yote, kwamba akishaniita mama na mimi nitamwamuru aniache niende chuo. Alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema mtoto wa juzi akiitwa mama ni heshima ya mdomoni tu. Mpaka nikomae, yeye ndiye atakayenishikia usukani. Nilichukia, jamani. Nilichukia mpaka machozi yakanitoka, na sikuyafuta, ili ayaone.

Siku ya tambiko ukoo ulijaa uani kwa bibi. Mvumo nao, kama uliitwa, ulikuwa umeamka tangu asubuhi, unatembea kutoka nyonga hadi goti. Mjomba akainuka na kaniki mpya, akaja kunifunika. Nikasimama.

"Shikamoo mjomba. Shikamooni nyote," nilisema. "Bibi nilimpenda. Lakini jina silichukui. Jumamosi napanda lori."

Uani pakawa kama sokoni. Mama mdogo akapiga mayowe kwamba nitauawa na mizimu. Mjomba akanisogelea kwa hasira, kaniki mkononi. "Sasa huo mvumo nani ataunyamazisha? Wewe?"

"Nitaenda nao."

"Huendi popote!"

Hapo ndipo mama aliponyanyuka kutoka kwenye mkeka. Mama yangu hakuwa msemaji; kwenye mikutano ya kijiji alikaa nyuma, akisuka ukili. Akajipangusa vumbi, akasema, "Kaka, hata mimi unanivuma. Tangu siku ya msiba."

Mjomba akamuuliza wapi. Mama akaweka mkono kwenye paja. La kushoto.

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa sitaki. Sasa nataka. Marehemu mama alimgusa mtoto ili mimi nisikie. Leta hiyo nguo."

Nani angembishia? Alikuwa mtu mzima, mtoto wa marehemu, na anatoa neno linaloingia akilini kuliko langu. Wakamfunika kaniki, wakamnyunyizia pombe, wakalitamka jina. Kisha mjomba, mwenye mvi zake, ikambidi apige magoti mbele ya mdogo wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema mama, bila kucheka hata kidogo. "Huyu mtoto Jumamosi anakwenda chuo. Na wewe utambebea sanduku mpaka barabarani."

Mjomba akainuka, akajipangusa magoti. Mama yake mzazi alikuwa amesema.

Jumamosi alilibeba sanduku kichwani, akihema kwenye kila kona. Mama alikuja nasi mpaka ukingo wa shamba la bibi, akasimama hapo, maana mrithi mpya hakuruhusiwa kuvuka mpaka kabla msimu haujaisha. Nilimshika mikono. Nilimnong'oneza, "Mama, niambie kweli. Ulikuvuma?"

Hakuitika. Nikamwita tena, mama. Akanitengeneza kola ya blauzi, macho yamejaa maji, akasema, "Nenda, mjukuu wangu. Lori litakuacha."