Mtoto Ambaye Fransiska Hakumpokea

Nusu ya kijiji kile cha Maretadu ilipokelewa duniani na mikono ya Fransiska. Wengine sasa wana mvi, na bado wakikutana naye njiani wanampa shikamoo kama watoto wa shule.

Lakini sifa nazo zina ubaya wake. Kliniki walimwambia Jenifa aende mapema akasubiri karibu na hospitali, maana ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mumewe Gidion, mtoto wa Fransiska, akacheka. Mkwe wa Fransiska akazalie kwa wageni? Mwenye kisima uani anafuata nini mtoni! Mama mwenyewe hakuulizwa. Mwezi ule mzima alikuwa Mogitu kwa binti yake, akisaidia kuvuna maharage.

Alirudi Jumamosi. Jumapili asubuhi, mvua ikinyesha, Gidion akamgongea mlango.

"Shikamoo mama. Jenifa ameshikwa na uchungu."

Fransiska alinawa, akapasha viganja motoni, akaviweka juu ya tumbo la mkwewe. Akapapasa taratibu. Chini, mahali pa kichwa, palikuwa patupu. Kichwa kilikuwa ubavuni. Mtoto alikuwa amekingama. Akaondoa mikono.

"Huyu simpokei mimi. Tengenezeni machela, tunakwenda hospitali."

"Bibi, barabara ni tope tupu," alisema jirani yao Angela. "Hata pikipiki hazipiti. Na wewe umezalisha wangapi?"

"Mgeuze tu, mama," Gidion akasihi. "Unaweza. Au unaogopa?"

"Naogopa."

Hakuna aliyewahi kusikia neno hilo kinywani mwake.

"Mtoto wa mdogo wangu Marieta alilala hivi hivi," akasema. "Nilikuwa na miaka thelathini, sijashindwa hata mara moja. Nikasema nitamgeuza. Nilihangaika naye mpaka jua likazama. Kaburi la Marieta mnalijua. Mliambiwa ni homa, nami nikawaacha mseme ni homa."

Gidion alichukua panga, akaenda kukata miti ya machela.

Wanaume wanane walimbeba Jenifa kwenye blanketi, wakiteleza na kuinuka. Fransiska, na miaka yake sabini na nne, alitembea pembeni akimkinga kwa mwavuli. "Usisukume, mwanangu. Pumua tu." Barabara kuu walipata lori la mahindi. Hospitali walimpasua Jenifa, akatoka mzima, na mtoto wa kike mzima.

Ungedhani kijiji kitamshukuru. Thubutu! Kabla wiki haijaisha, maneno yalishafika bombani: bibi amezeeka, mikono imemwisha, na kumbe ndiye aliyemuua mdogo wake. Fransiska aliyasikia yote. La uzee alilicheka. La Marieta lilimuuma, kwa sababu lilikuwa kweli, na alikuwa amelibeba peke yake miaka arobaini na minne.

Jenifa aliporudi nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe wake na mtoto kifuani.

"Shikamoo mama. Umepokea watoto wa watu wote, wa kwako hukumpokea."

Fransiska alikaa kwenye kigoda, akajifuta viganja kwenye kanga. Vilikuwa vinatetemeka kweli. Katika hilo, kijiji hakikusema uongo.

"Mlete," akasema. "Sasa namshika."