Kuchora Moyo kwa Simu

Mwalimu wetu wa biolojia alihamishwa tukiwa katikati ya kidato cha tatu, na mwingine hakuletwa. Shule yetu ni sekondari ya kutwa upande wa Sosiot, yenye hadubini moja iliyokuwa imefungiwa kabatini. Tulipouliza nani atatufundisha, mwalimu mkuu alisema tusome wenyewe kwa sasa. Hiyo "kwa sasa" ilidumu hadi mtihani wa kidato cha nne.

Tukaunda kikundi cha watu watatu: mimi, mvulana mmoja jirani yetu aliyependa mzaha kuliko chakula, na rafiki yangu, binti wa mchuma chai. Yeye, mama yake na wadogo zake wawili waliishi kambini, ndani ya shamba la kampuni, katika chumba kilichokuja na kazi. Asili yao ni upande wa ziwani, lakini alizaliwa huku, na Kikipsigis alikijua mpaka matusi. Jumamosi jioni, lori la kiwanda likishaondoka na majani, tulikaa kwenye kituo ambapo sisi wakulima wadogo hupimiwa chai. Meza zake ni ndefu, za mbao, na paa ni la mabati. Mvua ikinyesha ilibidi tungoje ipungue ndipo tusikizane.

Kazi ya kueleza iliniangukia mimi. Si kwamba nilijua kuwashinda wenzangu, ila sichoki kurudia. Mtu asipoelewa jambo, mimi huona kwamba halijapata mlango wa kuingilia, basi natafuta mlango mwingine.

"Huyu akianza na figo," mvulana alikuwa akisema, "lazima apitie kwa Adamu na Hawa kwanza."

Lakini alikaa akasikiliza, na siku nyingine nilimsikia akimweleza dada yake habari za figo kwa maneno yangu yaleyale.

Rafiki yangu alitaka C. Mdogo wake aliwahi kuungua na uji, akalazwa muda mrefu katika hospitali kubwa ya Longisa, na huko muuguzi mmoja alikuwa akimweleza mtoto kila dawa kabla ya kuipaka. Tangu wakati huo rafiki yangu hakutaka kazi nyingine. Chuo cha uuguzi alichokiulizia kilimwambia kwamba bila C ya biolojia asijisumbue kuomba nafasi. Katika mtihani wa majaribio alikuwa amepata D. Tulimwita Daktari kwa utani, naye alikuwa anaitika bila kucheka.

Mwaka wetu wa mwisho, kampuni iliongeza mashine za kuchuma chai. Mashine ikipita juu ya mistari hukata sawasawa kama kinyozi, na nyuma yake mikono haina cha kufanya. Mama yake akawa miongoni mwa walioambiwa wapumzike. Nyumba ikaenda pamoja na kazi. Ilibidi warudi kwao ziwani kabla muhula wa pili haujaisha, naye alikuwa ameshasajiliwa kufanya mtihani shuleni kwetu. Ukishasajiliwa mahali, huwezi kuhamia pengine. Unarudi pale pale ulipoandikishwa, au mtihani unakupita.

Mama yangu alikubali akae kwetu. Tulienda naye kambini kumwomba mama wa rafiki yangu, tukamkuta akifunga masufuria ndani ya shuka. Alitusikiliza hadi mwisho, akamshukuru mama, kisha akanigeukia mimi.

"Nyathina," alisema, yaani mwanangu, "mimi nikifika huko natafuta kazi. Huyu nikikuachia, hawa wadogo nitaachia nani?"

 Mama zetu waliafikiana kwamba rafiki yangu atarudi wakati wa mtihani, alale kwetu mpaka karatasi ya mwisho.

Simu ya kwao ilikuwa kabambe, ile ya vitufe isiyopokea picha. Kwa hivyo kila Jumapili baada ya kanisa nilichukua simu ya mama na kupanda hadi kona ya juu ya shamba letu, penye mtandao. Huko nilisimama katikati ya chai na kumfundisha. Maelezo tuliyamudu. Shida ilikuwa michoro, na biolojia ya kidato cha nne imejaa michoro. Nikaamua kuichora kwa mdomo.

Siku ya moyo naikumbuka vizuri. Nilimwambia achore parachichi lililogeuzwa, upande mwembamba uwe chini. Aligawe kwa ukuta kutoka juu hadi chini, kisha kila upande augawe tena, chumba kidogo juu na kikubwa chini. Ukuta wa chumba cha chini kushoto aufanye mnene kuliko zote, kwa sababu hicho ndicho kinachosukuma damu mwili mzima. Cha kulia kinaisukuma mpaka kwenye mapafu tu, hapo jirani. Nilimsikia akiwanyamazisha watoto, nikasikia penseli ikikwaruza. Nikamtajia majina kwa Kiingereza, kama mtihani unavyoyataka, naye akayarudia moja moja.

"Iko sawa?" aliuliza alipomaliza.

"Iko sawa," nilimwambia.

Ningemwambia nini tena? Majina yalikuwa sawa, na sauti yake ilikuwa na furaha.

Alifika kwetu siku moja kabla ya mtihani kuanza, amekonda, na begi lake lilikuwa na vitabu kuliko nguo. Baada ya chai alitandaza michoro yake mezani. Ilikuwa safi kuliko yangu. Niliutazama ule moyo, nikauona una kasoro, nikafungua kitabu nikaviweka pamoja. Vyumba vyote vilikuwepo, lakini ukuta mnene ulikuwa upande wa pili. Katika kitabu, moyo huchorwa kama wa mtu aliyekuelekea, kwa hivyo kushoto kwake ni kulia kwako. Niliposema kushoto, yeye alichora kushoto kwa karatasi. Tumbo, ini, kila kiungo chenye upande, alikuwa amekichora vivyo hivyo. Nilimweleza polepole, huku nikimgeuza yule mvulana jirani, aliyekuwa amekuja kusoma nasi, na kuonyesha kwa kidole kifuani mwake.

Aliangalia kitabu, akaangalia mchoro wake.

"Kwa hivyo hiyo miezi yote," alisema, "nimekuwa nikisoma moyo ya mtu amenipa mgongo?"

Tulicheka sana, hata mama. Mvulana akasema afadhali huyo mgonjwa, hajaona uso wa daktari akatoroka. Kisha rafiki yangu akachukua kifutio na kuanza upya. Siku zote zilizobaki kabla ya karatasi ya biolojia alichora mbele yangu, na kila mara nilipomwacha peke yake mkono ulirudi kwenye njia uliyoizoea.

Katika karatasi ya biolojia kulikuwa na mchoro wa moyo wenye herufi za kutajia sehemu. Alikaa mbele yangu, karibu na dirisha. Nilimwona ameinua karatasi kwenye mwanga na kuutazama ule mchoro kwa nyuma, kisha kwa mbele, kisha kwa nyuma tena. Msimamizi alimwambia ailaze karatasi mezani, naye akailaza.

Nje mvulana alimuuliza amejibu vipi. Alisema aliandika, akafuta, akarudisha yale ya kwanza. Hakuna aliyemtania.

Matokeo yalipotoka, alikuwa amepata D yenye alama ya kujumlisha. Mimi nilipata C, ambayo sikuwa na mpango nayo. Swali moja la moyo haliwezi kumnyima mtu C, najua hesabu zake. Kuna mengi ambayo sauti haikuyabeba, na majaribio ya vitendo ambayo hakuyagusa kabisa.

Nilimpigia jioni ileile. Nilikuwa nimeulizia habari za kurudia kama mtahiniwa wa kibinafsi, nikamweleza yote: pa kujisajili, muda, vile tungeanza mapema safari hii na kumtumia michoro kwa mkono wa mtu anayesafiri. 

"Umeeleza vizuri," alisema. "Hata zamani ulikuwa unaeleza vizuri."

Jumapili iliyofuata simu ilishikwa na mama yake. Alisema binti ameenda na wanawake kununua omena, wale dagaa wa ziwani, na kwamba biashara ameishika upesi. Tukajuliana hali. Halafu akashusha sauti.

"Nyathina, mambo ya shule usimwambie kwanza. Siku ukimpigia, huwa hali chakula."

Nilimjibu kwamba nimeelewa. Bado nampigia, mara moja moja. Namwambia huku kwetu mvua imenyesha tangu asubuhi, naye ananiambia kwao bado wanangoja.