Nyevu na Mwarubaini wa Langoni

Nyevu wa Kombe aliajiriwa kufagia majani tu. Mwaka wa 1993, alipotoka Rabai kutafuta kazi, kamati iliyotunza kijisitu cha Tudor ilimpa ufagio na reki, ikamwonyesha njia za kusafisha. Kijisitu chenyewe kilikuwa ekari nne, kimebanwa baina ya ua wa shule na maji ya ghuba.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Alipofagia aliangalia chini, na huko chini ndiko alikoona jambo. Miti mikubwa ya mbambakofi, yenye mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu, haikuwa na hata mche mmoja. Kila alipotazama aliona miche ya mwarubaini, mingi kama mchicha. Mama yao alisimama langoni, mti mkubwa wa kupandwa. Popo walikula matunda yake na kuzitawanya mbegu msitu mzima.

Bila kumwuliza mtu, Nyevu akaanza kuing'oa miche hiyo, kila asubuhi kabla ya kufagia.

Bi Khairiya wa Kibokoni alikuwa akija kila Alhamisi kuchuma majani ya mwarubaini ya kuwaogeshea wajukuu wenye upele. Siku moja aliikuta miche imelazwa chungu nzima kando ya njia, imenyauka. Aliposikia kuwa hata mti wa langoni huenda ukakatwa, alikwenda kumshtaki Nyevu kwa Mwalimu Badawi, mwenyekiti wa kamati. Mwalimu akawaita wote wawili chini ya mti ule.

"Nyevu, mwanangu," alisema Bi Khairiya, "mti huu umekukosea nini?"

"Haujanikosea, bibi. Lakini hebu tazama chini yake. Hauoti mti mwingine ila watoto wake."

Bi Khairiya aliinama, akafunua majani makavu kwa ncha ya mwavuli. Akasogea hatua kadhaa, akafunua tena. Kisha akauliza kama mti mmoja ukibaki, matunda yake yakaokotwa kabla hayajasambaa, msitu utapona. Nyevu alisema hajui, ila angependa kujaribu. Mwalimu Badawi akakubali.

Tangu hapo, msimu wa matunda, Bi Khairiya alikuja na kikapu cha ukili, akaokota huku akilalamikia magoti. Nyevu alikwea, akakata vichala ambavyo popo hawajavifikia. Mbegu za mbambakofi alizipanda kwenye makopo ya maziwa.

Mvua kubwa za mwaka wa tisini na saba ziliyasomba makopo mengi hadi ghubani, na Nyevu alilia, jambo ambalo Mwalimu hakuwa amepata kuliona kwake. Miche kumi na mmoja ilisalia. Mwaka uliofuata kamati ilimvua kazi ya ufagio, ikamfanya mtunza msitu. Alipoambiwa aliitikia kwa kichwa, akauliza kama ataruhusiwa kupanda na migurure, miti mingine ya asili ya pwani, maana upande wa ghuba palikuwa pamebaki wazi.