Nyasi za Bundi

Enzi zetu kule Hasamba, nyumba zote zikiwa za nyasi, fundo lilikuwa hati. Ukitaka nyasi za kuezekea uliingia bondeni mapema kiangazi, ukakusanya mashina machache na kuyafunga fundo kwa juu. Basi, hapo pako. Vijana wakichoma bonde kuwinda panya, walisimama na matawi mabichi kuuzuia moto usiguse kipande chako. Ninyi mliozaliwa chini ya bati mtaona ni hadithi, ila wazee wenzangu wanajua ninachosema.

Nilikuwa msichana mdogo, Mwingereza bado anatutawala. Tukitoka shule ya misheni wenzangu walicheza rede mpaka wakaitwa kula ugali wa ulezi. Mimi nilishika mtungi nikapita bondeni kutazama ndege. Niliwajua korongo wenye taji, wanavyorukaruka na kuinamiana kama maharusi. Nilimjua mumbi, yule mkubwa mweusi mwenye shingo nyekundu, anayetembea taratibu kama katekista anayekwenda ibadani. Mama alisema, "Maji unayochota wewe yanatoka Tunduma?" Nilichapwa, na kesho yake nikapita kulekule.

Alasiri moja kitu kiliinuka miguuni pangu bila sauti yoyote. Kilikuwa bundi, tena mchana, tena chini kwenye nyasi wala si mtini. Alizunguka juu yangu, uso wake wa duara, macho meusi kabisa. Pale alipoinukia palikuwa na makinda matatu yenye manyoya laini, yakinifokea kwa mluzi mwembamba. Nilipaswa kukimbia. Nilichuchumaa nikayatazama, na nasema wazi kwamba niliyapenda papo hapo.

Nyumbani sikuthubutu kusema. Bundi akilia juu ya paa letu, Bibi mzaa baba alitoka na kijinga cha moto akipiga kelele, "Nenda kwenu! Hapa hatuna mgonjwa!" Nikaweka siri yangu, nikawa naenda kila siku.

Ndipo baba mdogo Simoni alipotangaza kwamba Jumamosi bonde linachomwa. Makinda yalikuwa hayajaota mabawa ya kurukia. Ijumaa nilikwenda nikafunga mafundo kuzunguka kile kiota, kwa vidole vyangu hivi.

Jumamosi baba mdogo aliyaona. "Nani kafunga hapa?"

"Bibi," nikasema.

"Mama? Paa lake tumeliezeka mwaka jana tu!"

Akatuma aitwe. Bibi alikuja na fimbo yake, akaliangalia fundo, akaniangalia mimi. Mara bundi akainuka kutoka nyasini, na wanaume wote wakarudi nyuma.

"Mama, umeona? Tuchome haraka!"

Bibi alisogea, akafunua nyasi kwa ncha ya fimbo, akachungulia kwa muda mrefu. Kisha akainama akalifungua lile fundo langu na kulifunga upya, akalikaza mpaka mashina yakalia.

"Nyasi ni zangu," akasema. "Naezekea. Zungusheni moto wenu."

Njiani aliniambia maneno machache tu. "Yule ana watoto. Ila fundo lako lilikuwa bovu."

Makinda yaliporuka, Bibi alinipa mundu. "Kata sasa. Mimi ni mtu wa kanisa, nilisema naezekea." Nikakata mpaka viganja vikapasuka, tukaezeka banda la mbuzi lililokuwa zima kabisa. Na bundi wa paani aliendelea kufukuzwa kwa kijinga kama kawaida. Nilipomuuliza Bibi, alisema wa bondeni ana shughuli zake, huyu wa paani anatafuta nini?

Leo nusu ya bonde ni nyumba za bati. Mjukuu wangu ananiita, "Bibi, njoo uone bundi," ananionyesha kwenye simu, na kabla sijavaa miwani kidole chake kimeshapita, sasa ni mtu anakata viuno. Sisi tuliwaogopa bundi, lakini tuliwajua. Hawa hawawaogopi, wala hawajawahi kusimama mbele ya mmoja. Inaniuma.

Kimebaki kipande cha nyasi mwisho wa shamba langu la kahawa, na bundi bado wanatua hapo. Kila kiangazi nafunga mafundo. Mwaka jana moto ulipita juu yake, kwa sababu kijana aliyeuwasha alidhani ni mchezo wa watoto. Mwaka huu nimefunga tena, nimeyakaza kama Bibi, na nimeweka kigoda changu palepale, fimbo magotini. Asiyejua kulisoma fundo atanikuta mwenyewe, nimsomee.