Shokapu Iliyobaki Baridi

Wenzake walimbandika jina la Kobe, na kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyewahi kudai kwamba halimfai. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye koti la mvua alilolivaa hata jua likiwaka, na kazi yake ilikuwa kubeba damu. Kila asubuhi alizunguka zahanati tano za pembezoni, akapokea vichupa vya damu za wagonjwa, akavipanga katika kisanduku kilichofungwa nyuma ya pikipiki na kuvipeleka maabara ya hospitali kuu. Mumewe, fundi cherehani asiyeishiwa utani, alipenda kuwaambia wateja wake kwamba mke wake akiwa barabarani, kuku humpita na kumwamkia.

Kwa hiyo barua ilipokuja ikisema kwamba yeye huendesha kwa pupa, Kobe aliisoma mara mbili akidhani imekosea mlango.

Haikukosea. Kwa wiki tatu maabara ilikuwa ikivikataa vichupa vyake. Damu ikitulia ndani ya kichupa, maji yanayobaki juu huwa ya manjano hafifu. Ya kwake yalikuwa mekundu, ishara kwamba damu ilitikiswa mpaka chembe zake zikapasuka, na damu ya namna hiyo haipimiki. Mgonjwa huchomwa sindano upya. Katika zahanati ya mwisho, ile ya juu kilimani, kulikuwa na binti wa miaka minne aliyekwisha kuchomwa mara tatu kwa kipimo kimoja. Siku hiyo ya tatu, alipomwona Kobe akiingia na kisanduku, mtoto aliificha mikono yake ndani ya gauni. Mama yake hakutukana. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, "Dada, damu ya mwanangu mnaimwaga njiani?"

Swali hilo lilimkaa Kobe kooni kama mwiba wa samaki. Chakula kilipita, lenyewe halikupita.

Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kuna tatizo. Pikipiki ilikuwa inarukaruka. Ikiingia kwenye shimo, sehemu ya nyuma ilishuka, ikapanda, ikashuka tena na kupanda tena, kama kitanda cha springi kilichovamiwa na watoto. Alishuku kwamba mojawapo ya shokapu mbili za nyuma, zile za springi zinazomeza mitikisiko, imechoka, akaipeleka pikipiki karakana, si mara moja bali mara tatu. Fundi Mkuu, mtu wa kitambi na suruali yenye pasi kali, alimpokea akiwa na kikombe cha chai mkononi, na kikombe hicho hakukiweka chini. Kwa mkono wa pili aliikandamiza siti, pikipiki ikashuka, ikapanda, ikatulia. Akaandika kwenye faili: shokapu zote mbili nzima. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Mara ya tatu hakuigusa hata siti.

"Mama, pikipiki haina ugonjwa," alimwambia. "Mgonjwa ni huo mkono wako wa kulia. Punguza moto."

Mafundi wake wakacheka, kama walivyotakiwa. Kisha akaiandikia ofisi kwamba dereva huyu ana pupa, aondolewe barabarani na apewe kazi ya kufungua geti. Nakala ndiyo ile iliyomfikia Kobe. Ofisi ingeamua Ijumaa.

Mumewe aliposikia habari ya geti alinyanyuka na mkasi wake wa kukatia vitambaa, akasema anakwenda kumpunguzia Fundi Mkuu suruali. Kobe hakucheka. Miaka kumi na mmoja! Alikuwa amepita matope ya magotini, amesukuma pikipiki kwenye maji, na hakuwahi kuvunja kichupa hata kimoja. Leo mtu ambaye hajaipanda pikipiki hiyo hata hatua kumi anamfundisha mwendo, chai mkononi.

Jumatano mchana, akiwa amekwisha kukabidhi mzigo maabara, alipita nyumbani. Akiwa amechuchumaa kukaza mkanda wa kisanduku, kiganja chake kikaangukia shokapu ya kushoto, akakirudisha upesi. Ilikuwa ya moto. Akaigusa ya kulia. Ilikuwa baridi kama mtungi wa maji. Akazigusa tena, moja baada ya nyingine, kisha akamwita mumewe, ambaye kuhusu pikipiki hakujua chochote zaidi ya kupanda na kushuka. Naye akagusa huku na huku.

"Huyu anafanya kazi," alisema akionyesha ya kushoto. "Na huyu anakula mshahara wa bure."

Hakuna fundi ambaye angelieleza vizuri zaidi. Kazi ya shokapu ni kumeza mtikisiko, na mtikisiko ukimezwa hugeuka joto. Iliyotoka barabara mbovu bila joto ni kama mkulima aliyerudi kutoka shambani bila jasho: huyo alilala kivulini. Na hapa upande wa kulia, wenye ekzosi, lile bomba la moshi, ndio ulipaswa kuzidi joto. Kobe akainama zaidi. Kwenye chuma chembamba cha shokapu ile ya kulia aliona oili iliyovuja, imeshikana na vumbi, nyeusi kama masizi.

Mbona karakana hawakuiona? Hapo ndipo alipokumbuka bango la getini, lililoandikwa kwa rangi nyekundu: PIKIPIKI CHAFU HAIINGII. Kabla ya kukaguliwa, kila pikipiki huoshwa kwa mpira wa maji. Maji huiondoa oili, na huzipoza shokapu zote mbili zikawa sawasawa. Halafu anakuja mtu, anakandamiza siti kwa mkono mmoja, na ile nzima inamshikilia mwenzake aliyekufa. Mara tatu Kobe alikuwa ameufuta ushahidi kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa sabuni, kwa sababu bango lilisema hivyo.

Alhamisi alipanda kilimani na kurudi, akaacha vichupa maabara, akazunguka moja kwa moja hadi karakana iliyokuwa nyuma ya jengo hilo, pikipiki ikiwa imepakwa matope mpaka kwenye taa. Mlinzi, mzee waliyemwita Babu, alimwonyesha mpira wa maji.

"Leo sioshi, Babu."

"Mwanangu, utanifukuzisha kazi."

Kobe akamwambia asihofu, hataingia. Akaegesha nje ya geti, akabonyeza honi na kuushikilia mkono wake hapohapo. Mafundi wakatoka mmoja mmoja, spana mikononi. Mwisho akatoka Fundi Mkuu, na chai yake.

"Osha kwanza," alisema. "Utaratibu ni utaratibu."

"Nimekuoshea mara tatu. Leo gusa."

Kabla hajajibu, Kobe alikichukua kikombe mkononi mwake, kwa adabu zote, akampa Babu. Mikono ya Fundi Mkuu ikabaki mitupu mbele ya watu. Akainama, akaigusa shokapu ya kushoto, akatoa mkono haraka. Akaigusa ya kulia. Huko mkono ulikaa, ukakaa sana.

"Hilo joto la kushoto ni la ekzosi," alisema.

"Ekzosi iko upande gani, mwalimu?"

Fundi mmoja akakohoa kuficha kicheko. Fundi Mkuu alipitisha kidole kwenye kile chuma chembamba, kidole kikarudi cheusi. Bila kumtazama mtu, akaamuru zifungwe shokapu mpya, zote mbili. Kazi ilipokwisha alimwambia Kobe aende zake.

"Pikipiki umeitibu," Kobe alisema. "Mimi je?"

Hakuondoka mpaka faili lilipoletwa, na neno "pupa" likakatwa kwa mstari na sahihi, na ofisi ikaandikiwa barua nyingine mbele ya macho yake. Samahani hakuisikia.

Ijumaa ofisi haikuwa na la kuamua, na Kobe alikuwa kilimani. Alimweleza mama wa yule binti kila kitu, tangu bango hadi kidole cheusi. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Na huyo aliyesema unakimbia, amesemaje?"

"Hakusema kitu," Kobe alijibu. "Alinawa mikono, akaenda kuchukua chai yake."

Mama akasonya msonyo mrefu, akamshika mwanawe mkono, wakaingia ndani. Kobe alisubiri nje na kisanduku kikiwa wazi. Kilio cha mtoto kilipita dirishani, kilio cha nne, ambacho hakuna faili lililokiandika wala fundi aliyekitilia sahihi.